Kliniki ndogo ya macho wakati wa mlipuko wa ugonjwa: nifunge au niendelee?

SWALI: Hujambo Daktari. Mimi ni afisa wa kliniki wa macho. Nimefungua kliniki ndogo na duka la miwani karibu na soko la Kibuye, Kisumu. Nimekodi vyumba viwili: cha mbele ni mapokezi na fremu, cha nyuma ndicho cha kupimia, nacho kina dirisha moja tu. Tuko watatu kazini. Wakati wa Korona nilikuwa nimeajiriwa hospitali kubwa na mambo ya kujikinga yaliamuliwa na wengine. Sasa kila ugonjwa ukitajwa Uganda au Busia nakosa usingizi. Ukija mlipuko mwingine, nifunge? Kama si kufunga, ninunue nini kwanza na pesa zangu chache? Halafu nina mashine ya kupima presha ya jicho kwa mpulizo wa hewa, ambayo bado nailipia mkopo wa sacco. Nimesikia ni hatari. Niiuze?

JIBU: Usifunge, mwenzangu. Punguza kazi, ipange upya, lakini pawe na mtu mlangoni na simu ishikwe. Mwaka 2020, kisa cha kwanza kilipotangazwa nchini tarehe 13 Machi na kafyu ikaanza tarehe 27, wagonjwa wengi wa macho huku kwetu walibaki nyumbani. Wengine waliogopa Korona, wengine walishindwa na nauli baada ya matatu kuamriwa kupunguza abiria. Lakini jicho lililochubuliwa na jani la muwa kule Muhoroni halikungoja kafyu iondolewe. Mtu alipitia duka la dawa, akauziwa matone yenye steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, jicho likatulia siku mbili tatu huku fangasi wakinawiri humo ndani, na alipopata wa kumwona, kioo cha jicho, ule utando angavu wa mbele, kilikuwa kimeshageuka cheupe. Hao hawamo katika hesabu za Korona, ila upofu wao uliletwa na milango iliyofungwa.

Tuje kwenye hatari yenyewe. Katika kazi yetu imekaa hasa kwenye nafasi iliyopo kati ya uso wako na uso wa mgonjwa. Akiegemeza kidevu kwenye mashine ya darubini ya kutazamia jicho, pua yake na yako zinaachana kwa sentimita 30 hivi. Ukitumia oftalmoskopu, kitochi cha mkononi cha kutazama ndani ya jicho, mnakaribia kugusana mashavu. Dkt. Li Wenliang wa Wuhan, China, yule aliyewaonya wenzake kuhusu ugonjwa huo mpya mwishoni mwa Desemba 2019 na akafariki tarehe 7 Februari 2020, alikuwa daktari wa macho. Inaaminika aliambukizwa na mgonjwa wa glakoma, yaani presha ya jicho, ambaye alipokuja kliniki hakuonyesha dalili yoyote. Kwa hiyo kila unachotaka kununua au kubadilisha, kiulize hivi: kinapunguza dakika zangu za uso kwa uso, au kinasafisha hewa na vitu vinavyoguswa katika dakika hizo? Kama hakifanyi moja kati ya hayo, ni pambo.

Mapambo tuliyaona mengi. Bunduki ya kupima joto mlangoni inamkamata mwenye homa tu, na wengi waliokuwa wakiambukiza hawakuwa na homa. Itumie ukipenda, lakini isikufanye ulegeze mengine. Vile vibanda vya kuwanyunyizia watu dawa ndivyo viovu zaidi. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba watu wasinyunyiziwe dawa, na sijui kliniki ya macho ingejieleza vipi ikimpulizia mzee wa watu klorini usoni.

Anza na maneno, maana hayagharimu kitu. Nusu ya muda wa kumwona mgonjwa huenda kwenye maswali: limeanza lini, linauma, umeweka dawa gani, una sukari? Yote hayo yaulizwe kwa simu siku moja kabla, au barazani penye upepo, huku mmeachana hatua mbili. Uwezo wa kuona nao upimwe nje. Tundika chati ukutani kivulini, pima umbali kwa futi kamba, chora mstari sakafuni. Chumba cha ndani kibaki cha kutazama tu.

Ndani ya chumba hicho shida kubwa itakuwa usikivu. Fikiria mama mzee kutoka Seme. Umevaa barakoa, amevaa barakoa, midomo haionekani, sauti imefifia, na wewe unamwambia "angalia juu". Hasikii. Anashusha barakoa hadi kidevuni, anakusogelea, anauliza "ang'o?", yaani "nini?", nawe bila kujua unamsogelea na kupaza sauti. Hapo kinga yote imevunjika kwa nia njema. Dawa yake ni kumweleza kabla hajakaa: "Mama, ukishaweka kidevu hapa hatutaongea tena. Nikikugusa bega mara moja, angalia juu. Mara mbili, angalia chini. Ukiumia, inua mkono." Rudia kwa Kijaluo au Kiluhya kama ndicho anachokielewa vizuri. Ukimya huo utakupunguzia pumzi nyingi kuliko kifaa chochote cha dukani.

Sasa kingio la darubini, la kuzuia pumzi kati yako na mgonjwa. Linauzwa, lakini unaweza kulikata mwenyewe kutoka kwenye karatasi ngumu ya plastiki angavu ya maduka ya vifaa vya ofisi. Toboa matundu mawili yanayobana mirija ya macho ya darubini, na uliache kubwa: lishuke chini ya kidevu chako na litoke pande zote mbili za uso. Vile vidogo vya saizi ya daftari vinaziba pua tu, pumzi inapita pembeni. Lifutwe pande zote mbili baada ya kila mgonjwa. Wala usivue barakoa kwa sababu liko.

Barakoa ya mgonjwa ikiwa imelegea juu, pumzi yake hupanda moja kwa moja hadi machoni. Lenzi yako inaingia ukungu, jicho lake linakauka, na kama unatoa kitu kwenye kioo cha jicho, bakteria wa mdomoni wanapelekwa pale pale unapofanyia kazi. Bana waya wa puani, kisha bandika utepe wa hospitali kwenye ukingo wa juu. Ni sekunde chache.

Mgonjwa anashika wapi? Kiegemeo cha kidevu, mkanda wa paji la uso, vishikio viwili vya pembeni ambavyo wengi husahau, kisha kingo za kiti. Wewe unashika usukani wa mashine, kope zake, na chupa ya matone. Futa vyote hivyo mbele ya mgonjwa anayefuata, akiona, halafu nawa mikono akiona. Anayekuona ukisafisha hatashika kiti kwa wasiwasi, na atamweleza jirani.

Virusi vya Korona vina utando wa mafuta, hivyo sabuni na spiriti ya asilimia 70 huviua bila taabu. Lakini usijenge utaratibu wako wote juu ya spiriti. Ugonjwa wa macho mekundu, kama ule uliosambaa Pwani mapema 2024, huletwa na virusi vya aina nyingine. Vile vya adeno, mfano mmoja, vinaweza kukaa kwenye meza kavu kwa wiki kadhaa na spiriti haiaminiki kuviua. Kwa hivyo tunahitaji klorini. Soma lebo ya chupa yako. Ikiwa ni ya asilimia 3.5, mililita 30 ndani ya lita 1 ya maji hukupa asilimia 0.1, inayotosha kwa meza, viti na vitasa. Sehemu 1 kwa maji sehemu 6 hukupa asilimia 0.5, ya vitu vilivyogusa jicho lenyewe na ya damu iliyomwagika. Safisha uchafu kwanza kwa sabuni, maana klorini huishiwa nguvu ikikutana na uchafu, kisha iache ikae dakika 10. Changanya mpya kila asubuhi. Usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi wala yenye amonia, gesi yake ni sumu.

Kama una kipima presha cha kugusa jicho, kile kidude cha mbele kiloweke kwenye ile ya asilimia 0.5 kwa dakika 5 hadi 10, kisuuze sana kwa maji safi, kikauke. Klorini iliyobaki inaunguza kioo cha jicho. Kikague chini ya darubini mara kwa mara, kwa sababu klorini na spiriti hukipasua taratibu, na ufa ni maficho ya vijidudu. Ukiwa na vidude viwili, kimoja kinaloweka huku kingine kikifanya kazi.

Matone ya chupa moja kwa wagonjwa wengi ni jambo ninalolipinga hata pasipo mlipuko. Ncha ikigusa kope, chupa iende takataka, hata iwe imefunguliwa asubuhi hiyo. Rangi ya kupakia jicho ili kuona vidonda itumie ya vikaratasi, mgonjwa mmoja kikaratasi kimoja.

Fremu za mbele nazo. Kila mteja hujaribu tano sita, anazipandisha puani, anajitazama kwenye kioo, anarudisha. Ziondoe mikononi mwao: mteja aonyeshe, msaidizi ampe, na iliyojaribiwa iingie kwenye trei yake ya kuoshwa kwa maji na sabuni ya vyombo. Spiriti hufifisha plastiki za fremu na kuharibu rangi ya juu ya lenzi, klorini hula bawaba.

Hewa ndipo chumba chako kitakapokutesa, na si chako peke yako. Kazi yetu inataka giza, kwa hiyo tunatundika pazia zito jeusi na kufunga mlango, yaani tunajifungia na pumzi za watu wote waliopita tangu asubuhi. Wakati wa mlipuko giza liwe la dakika chache tu. Lisogeze pazia mbali na dirisha kwa upana wa kiganja na uache mwanya juu na chini, hewa ipite ukutani wakati mwanga umezuiwa. Weka feni dirishani ikitazama nje, ivute hewa ya chumba na kuitupa. Hewa mpya iingie kwa mlango. Wewe kaa upande wa mlango, mgonjwa upande wa dirisha, upepo utoke kwako kwenda kwake na kutoka nje. Feni inayotoka nyuma ya mgonjwa kukujia usoni ni afadhali uizime. Kati ya mgonjwa na mgonjwa, pazia lifunguliwe lote na chumba kipumue. Kama mwenye nyumba ataruhusu tundu la matofali ya hewa juu ya mlango, pesa hiyo itakufaa zaidi kuliko mavazi ya plastiki ya mwili mzima, ambayo kwa joto la Kisumu utayavua kufikia saa nne asubuhi.

Nani aje na nani angoje? Mfundishe wa mapokezi maswali machache ya simu, yaandikwe kwenye kadi kando ya simu. Aje leo hii: aliyepoteza uwezo wa kuona ghafla, anayeona vimulimuli na madoa mapya au kama pazia linashuka upande mmoja, mwenye jicho jekundu linalouma au linaloogopa mwanga, aliyegongwa au kuchomwa na kitu shambani, aliyefanyiwa upasuaji karibuni na sasa jicho linauma, mtoto mwenye weupe ndani ya mboni. Aliyemwagikiwa na kemikali aambiwe aoshe jicho kwa maji safi yanayotiririka, dakika 15 hadi 30, kabla hata ya kutafuta boda. Utawapata zaidi wakati wa mlipuko, na wengine ni watoto, kwa sababu vile vifaa vya sanitaiza vya kukanyaga kwa mguu hurusha dawa sawasawa na kimo cha macho yao. Chako kiweke juu au kilindwe na mtu.

Kubadilisha miwani kunaweza kungoja. Mtoto wa jicho pia, kwa wiki kadhaa, ingawa hapa mimi huwa mwepesi kulegeza: bibi asiyeona kwa macho yote mawili ataanguka jikoni au ataungua, na hilo si jambo la kungoja. Mwenye glakoma asikatize dawa hata siku moja. Mpe matone ya miezi miwili au mitatu, alipe kwa M-Pesa, dawa iende na matatu ya Bondo au Ahero. Ila angalia aina. Chupa za latanoprosti, mojawapo ya matone ya glakoma, ambazo hazijafunguliwa kwa kawaida hutakiwa kukaa kwenye friji, na huwezi kumpa tatu mtu asiye na friji kijijini kwenye joto la ziwa. Badilisha dawa au mpe moja moja.

Picha za WhatsApp zina kazi yake: kope lililovimba, chunjua, damu iliyovilia kwenye weupe wa jicho bila maumivu. Jicho linalouma lisitibiwe kwa picha, kwani kidonda kidogo cha kioo cha jicho hakionekani kwenye picha ya simu. Kupima uwezo wa kuona kwa simu kunaaminika zaidi. Programu ya Peek ililinganishwa na chati za kawaida hapo Nakuru, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba inakaribiana nazo. Picha unazotumiwa ni rekodi za mgonjwa chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Zihamishie kwenye faili, kisha zifute kwenye simu ya mapokezi.

Miadi ipange kwa umbali. Mwaka 2021 aina ya Korona iitwayo Delta ilipogunduliwa Kisumu mwezi Mei, na tarehe 18 Juni kaunti 13 za ziwa na magharibi zikawekewa kafyu ya saa moja jioni, mgonjwa wa Siaya alilazimika kuwa stendi alasiri. Ukimtia matone ya kupanua mboni saa nane, unampeleka barabarani macho yakiwa yamejaa mwanga, haoni vizuri, na askari wako njiani. Wa mbali waanze asubuhi, wa Kondele na Manyatta waje mchana. Sheria ya "ingia peke yako" nayo haifai kwetu, kwa sababu asiyeona lazima awe na wa kumshika mkono. Mruhusu mmoja, mwenye barakoa, na ajue ni yeye tu.

Wafanyakazi wako wawili wataambukizana wapi? Si mbele ya mgonjwa. Ni saa saba mchana, barakoa zikiwa mezani, wote watatu mkila kwenye kile chumba cha nyuma na mlango umefungwa ili wateja wasione. Kuleni kwa zamu, nje. Anayeamka na mafua abaki nyumbani na mshahara wake usikatwe. Ukikata atakuja, atameza dawa ya homa, na hata bunduki yako ya joto haitamwona. Chanjo ikipatikana msingoje. Zile za kwanza za Korona ziliwasili nchini tarehe 3 Machi 2021 na wahudumu wa afya waliwekwa mbele ya foleni. Afisa wa ufuatiliaji wa magonjwa wa kaunti ndogo yenu umjue sasa, uwe na namba yake, kabla hujamhitaji.

Umetaja Busia. Mpox, ugonjwa wa virusi unaoleta upele, ilithibitishwa nchini tarehe 31 Julai 2024, na hiyo ni ya kugusana zaidi. Upele ukikaribia kope unaweza kuingia kwenye kioo cha jicho na kukiharibu. Ukiona malengelenge usoni, vaa glavu, usimwegemeze kwenye mashine ya wote, mtenge barazani na upige simu. Ebola ikitangazwa ng'ambo ya mpaka, swali la safari na la mazishi aliyohudhuria linaulizwa kwenye simu, kabla hajapanda matatu. Wagonjwa wa dharura usioweza kuwamaliza, hospitali ya Jaramogi mnaijua, na Sabatia kule Vihiga ni hospitali ya macho. Piga simu kwanza ujue wanapokea nini wiki hiyo.

Kuhusu pesa, mimi ningefuata mpangilio huu: maji na sabuni mlangoni, barakoa zinazokaa vizuri usoni kwako, za aina ya N95 kama zinapatikana, feni ya dirishani, plastiki ya kingio, chati ya pili ya barazani. Mengine yangoje mapato.

Mashine ya mpulizo usiiuze. Uliyoyasikia yana msingi: hewa ikigonga jicho hurusha vitone vidogo vya machozi. Lakini mgonjwa wa glakoma asiyepimwa presha mwaka mzima ana hatari ya hakika. Usiitumie kwa jicho jekundu, linalotoa machozi mengi au usaha, wala kwa mwenye kikohozi. Hao, kama ni lazima, wapime kwa kipima cha kugusa chenye kidude cha kutumika mara moja na kutupwa. Kwa wengine, iweke karibu na dirisha, wewe ukae pembeni na si nyuma yake moja kwa moja, mgonjwa abaki na barakoa, na umpulizie mara chache kadiri inavyowezekana. Pua ya mashine, pale hewa inapotokea, ifutwe baada ya kila mtu, maana machozi hurukia hapo. Kitabu cha mashine kitakuambia utumie dawa gani, na usiingize pamba ndani ya tundu.